Sufuria Hairudi Tupu

Maman Kahambu alikuwa bado kwenye ngazi za kanisa, Biblia kwapani, alipowasha simu na kukuta ujumbe wa sauti wa Rolande. Ulikuwa mfupi. Rolande ni mama wa Kibelgiji anayekaribia miaka themanini, si mtu wa kulialia kwenye simu, lakini siku hiyo sauti yake ilikwaruza kama ya mtu aliyekesha. "Wote wamekwenda, Kahambu," alisema kwa Kifaransa. "Wote. Ne viens pas. Nakuomba, usije."

Hao wote walikuwa sungura, na mwenye kutaka kucheka na acheke sasa, maana baadaye hatapata nafasi. Hawakuwa sungura wa kupikwa na viazi. Walikuwa lièvre belge, sungura wa kufugwa aliyechaguliwa kizazi kwa kizazi mpaka akafanana na sungura wa porini: miguu mirefu, mgongo wa upinde, manyoya mekundu ya mbweha, na ncha za masikio nyeusi ti. Kwa uzuri hana mpinzani. Kwa akili, tuseme ukweli, Mungu hakumjalia. Yule Sungura wa hadithi za bibi zetu, anayemcheza shere Fisi mchana kweupe, hana undugu na huyu. Huyu kifuniko kikianguka jikoni anaweza kufa kwa woga.

Kahambu alizaliwa Butembo na sungura walikuwa chini ya ukumbi wa jiko la mama yake, wa nyama na wa kuuza. Vita vilipomfikisha Brussels alipata kazi ya kuhudumia wazee huko Laeken, na mmoja wa wazee wake alikuwa mume wa Rolande. Siku moja Rolande akamkaribisha uani kwake, mtaa wa Saint-Josse, amwonyeshe wanyama wake. Kahambu hakungoja kuelekezwa. Alimshika mmoja ngozi ya shingo, akamgeuza, akamtazama meno, akamrudisha bila yule mnyama kupiga hata teke. Rolande akampa jike moja hapohapo, aende nalo.

Jike hilo Kahambu aliliita Masika, jina ambalo watu wake, Wanande, humpa binti wa kwanza. Wifi yake wa Butembo, ambaye naye ni Masika, alinuna mwaka mzima. Kahambu hakubadilisha. Tangu hapo katika kila uzao jike bora alikuwa Masika, na Masika wa sasa alikuwa kitukuu wa vitukuu wa yule wa kwanza.

Rolande alimfundisha mambo ya maonyesho. Namna ya kumzoesha sungura kusimama mezani miguu ya mbele imenyooka, kifua nje, kama askari wa gwaride. Namna jaji anavyopuliza manyoya yafunguke aone rangi ya chini, na anavyokagua kucha moja moja, kwa sababu ukucha mmoja mweupe unatosha kukurudisha nyumbani na aibu yako. Kwenye maonyesho yake ya kwanza mtu fulani alimkabidhi Kahambu ufagio. Rolande aliuchukua ufagio ule, akamrudishia mwenyewe, akamwambia kwa sauti ya ukumbi mzima kwamba huyu ni mfugaji na banda lake ni namba ile pale yenye utepe. Kahambu hajamsahaulia hilo hata siku moja.

Sasa, damu ya ukoo ule wa sungura ilikuwepo mahali pawili tu: uani kwa Rolande, na kwenye kibanda cha bustani ya Kahambu huko Laeken. Watoto wa Rolande hawakutaka hata kusikia harufu yake. Kwa hiyo akina mama hawa wawili walikuwa na ahadi. Mmoja akipatwa na janga, mwingine atampa jike na dume aanze upya. Na Kahambu, pale kwenye ngazi za kanisa, alielewa kwamba walio kwake ndio waliobaki duniani.

Mumewe Rigobert alikuwa anamsubiri na mwavuli.

"Sungura ya Rolande bamekufa bote," Kahambu alimwambia.

"Bote? Nani ameshabaua?"

"Ni renard. Nani tena? Mwaka ile ingine alimukuliaka mbili."

Mbweha wa Brussels kweli ni wengi na hawana haya, wanapita barabarani kama wenye nyumba. Rigobert alitikisa kichwa. "Bon. Na yeye anasema nini?"

"Anasema nisiende."

"Donc unaenda."

"Donc ninaenda."

Wala hakuna aliyeona ajabu. Kwao, mfiwa yeyote husema msijisumbue. Hiyo ni heshima ya mfiwa, na heshima yako wewe ni kutomsikiliza. Anayeambiwa usije akakaa nyumbani kweli atasemwa mpaka kwenye kaburi lake. Pole haitumwi kwa simu, inapelekwa kwa miguu, na mikono haiendi mitupu.

Kahambu alipika sombe, yaani kisamvu, na samaki, akaijaza sufuria yake nzuri, akaifunga kwa kitenge. Kabla ya kutoka alipita kibandani kuwaaga wanyama wake. Masika alikuwa amesimama wima. Ghafla akapiga mguu wa nyuma kwenye mbao, ti, akapiga tena, ti, kama wafanyavyo sungura kuwaonya wenzao. Wengine wote wakaganda.

"We, nyamaza," Kahambu alimwambia. "Mi niko naenda kulia bandugu yako."

Tramu ilimshusha stesheni ya Gare du Nord. Ilikuwa Jumapili, ile minara ya ofisi ilikuwa tupu na taa zake zinawaka bure, na upepo baina yake ulikuwa mkali kiasi cha kumlazimisha aikumbatie sufuria. Alipofika Saint-Josse watu walikuwa tele, maduka wazi, na Naïma, jirani wa Rolande mwenye duka la viungo, alimpungia mkono kutoka mlangoni kwake bila kutabasamu. Hilo Kahambu aliliona, lakini alidhani ni huzuni ya jirani mwema.

Rolande alifungua mlango kwa ufa tu, mnyororo umefungwa. Alipomwona aliyesimama nje uso wake ulibadilika rangi.

"Non," alisema. "Non, non. Rudi nyumbani, Kahambu. Nilikuambia."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alijibu Kahambu, methali aliyomfundisha miaka mingi iliyopita wakaicheka pamoja. Akapitisha mkono kwenye ule ufa, akaushika wa Rolande. Rolande alijaribu kuuvuta. Halafu vidole vyake, vilivyokuwa vikishughulika na maiti tangu alfajiri, vikakaza, vikamng'ang'ania, na bibi yule akaanza kulia kama mtoto, akiwa peke yake nyuma ya mlango. Angekuwa nani huyo wa kumwacha? Mnyororo ukafunguliwa. Walikumbatiana ukumbini, shavu kwa shavu, kwa muda mrefu.

Uani ndipo Kahambu alipoona. Wengine walikuwa wamekwisha funikwa magazeti. Dume la mwisho lilikuwa bado wazi, limelala sakafuni, shingo imepinda nyuma, zima kabisa, halina jeraha. Kwenye pua palikuwa na uzi mwembamba wa damu.

Mbweha haui hivyo. Mfugaji yeyote anaijua damu ile, na wafugaji wa Brussels huitaja kwa herufi tatu tu, VHD, kwa Kifaransa ve-ash-de, kwa sauti ya chini kama jina la mtu mbaya. Ni ugonjwa usioonekana. Mnyama anakula asubuhi, jioni hayupo. Unasafiri kwenye viatu, kwenye mikono, kwenye nguo, kwenye jani la nyasi, na unaweza kukaa miezi ukimngoja sungura apite. Binadamu haumdhuru, unamtumia tu kama usafiri. Mahali ulipoingia, wafugaji hawatembeleani, na ndiyo maana kwao neno "usije" lina maana moja tu.

Kahambu alijitazama viatu. Aliitazama mikono yake.

"Nilizania ni heshima," alisema kwa Kiswahili, akasahau kuwa Rolande hajui. Akarudia kwa Kifaransa.

"Heshima gani?" aliuliza Rolande.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kahambu aliketi, akapakua sombe, wakala kwa sababu chakula cha msiba huliwa. Nyuma ya Rolande kabati la uani lilikuwa wazi, na ndani yake taulo za bluu zilikuwa zimekunjwa vizuri, zile walizozoea kufunikia vikapu siku za maonyesho. Kahambu alizitazama muda wote ili asiitazame sakafu. Alipoondoka aliiacha sufuria, akakichukua kitenge, na alipofika stesheni akakitupa kwenye pipa.

Alikaa kwenye benchi Gare du Nord asijue aende vipi kwake. Hatimaye akampigia Rigobert. "Funga mulango ya jardin, kule kwa sungura," alimwambia. "Ufunguo uweke mu mufuko yako. Hata nikikuomba, usinipe."

Alivua kila kitu kwenye korido kama mgonjwa anayelazwa. Nguo ziliingia kwenye mfuko wa taka, viatu vikafuata, vile vya kanisani, vya ngozi. Alijisugua kwa sabuni na javel, ile dawa kali ya kuua vijidudu, mpaka ngozi ikawaka. Daktari wa mifugo alipopigiwa alisema chanjo imemwishia, itafika mwisho wa juma, atakuja Jumamosi. Kila mwaka walichanja kabla ya maonyesho. Mwaka huu walikuwa wanangoja zamu tu, na kungoja huko hakukuonekana kosa mpaka leo.

Basi Rigobert akawa mfugaji. Mtu huyu alikuwa ameshinda miaka zaidi ya ishirini akiwaita wanyama wale "nyama inayosafiri na pasipoti". Sasa alivaa buti mpya za mvua na kuwahudumia, huku mkewe akimwamuru kutoka dirisha la jikoni lililofungwa, akionyesha kwa vidole.

"Si ile! Ile ingine! Maji kwanza!"

"Nasikia, maman, mi si kiziwi!"

Kila asubuhi alirudi na habari ileile. "Banakula." Kahambu angeshusha pumzi, kisha angeanza upya kuogopa. Alikuwa akisimama dirishani mpaka chai inapoa. Kibanda kilionekana vizuri kutoka pale, na Masika alikaa mbele ya waya, masikio juu, anautazama mlango wa nyumba. Hakupiga mguu tena. Kahambu aliliona hilo baya kuliko kupiga. Mwili wake wote ulitamani kwenda kumshika. Aliomba, na aliona haya kidogo kumwomba Mungu mkubwa hivyo jambo la masikio marefu, lakini aliomba.

Rigobert naye, mzee wa watu, alianza kuharibika. Jumanne alisikika akimsemesha Masika Kinande. Jumatano asubuhi alisema, kana kwamba ni habari ya mtoto wa mtu, "Ule Masika yako anasikia baridi. Anatetemeka."

"Hatetemeki, ndiyo namna anapumua. Muache."

Jumatano ni siku ya maombi ya akina mama wa kanisa. Kahambu hakutaka kwenda, ila Rigobert alimsukuma nje, akamwambia dirisha haliponyi mtu. Aliporudi alasiri alikuta sufuria yake mezani, inang'aa. Ndani yake kulikuwa na cramique, ule mkate mtamu wa zabibu kavu, nao ulikuwa bado na uvuguvugu.

"Ni ule mama wa duka, Naïma, ameileta na gari," alisema Rigobert, mdomo umejaa. "Muzungu yako ameshajua kanuni. Sufuria hairudi tupu!"

Kahambu alikata kipande. Alikuwa amemweleza Rolande hayo mara moja tu, zamani sana: mtu akikuletea chakula kwenye msiba, humrudishii chombo kitupu, hata kama una chumvi peke yake. Na bibi yule, katikati ya magazeti yake na damu, alikuwa amekanda unga. Kahambu akampigia simu hapohapo.

"Umenilisha," alimwambia.

"Niliisafisha kwa javel mara mbili," alisema Rolande haraka. "Nilivaa glavu, mkate nimeokea kwa Naïma, sikuuokea kwangu. Nimefikiria kila kitu, Kahambu, usiwe na hofu. Ila kitenge chako ulikichukua, na wewe uliniletea imefungwa. Nikaona siwezi kukurudishia uchi uchi."

"Umeifunga na nini?"

"Taulo. Safi kabisa, imefuliwa, haijatumika."

Kahambu aliitazama meza. Palikuwa na sufuria, mkate, kisu. "Taulo ya wapi, Rolande?"

Kahambu alikuwa anaona kile anachokiona mwenzake: kabati lililo wazi, uani, na rundo la bluu lililokunjwa vizuri hatua mbili kutoka kwa lile dume lililokufa.

"Oh, mon Dieu," alisema Rolande, polepole sana.

"Rigobert." Kahambu hakuigeuza hata shingo. "Taulo iko wapi?"

Rigobert aliacha kutafuna. Alikuwa na uso wa mtu aliyefanya jambo jema na anangoja kusifiwa. "Ile ya bleu? Nimeitandika kwa Masika. Si nilikuambia anasikia baridi? Ameipenda, maman. Amelalia pale pale."

Kahambu alikwenda dirishani. Masika alikuwa amekaa juu ya taulo. Alikuwa anaisugua kwa kidevu, upande huu na upande ule, kama sungura afanyavyo kwenye kitu anachokitaka kiwe chake. Pengine ilikuwa na harufu ya nyumbani kwao. Kahambu alipiga kioo kwa kiganja, kwa nguvu zote, na kibanda kizima kikaruka kwa hofu isipokuwa yeye, aliyegeuza kichwa na kumtazama.

Hakumlaumu Rigobert kwa maneno. Angemlaumu kwa lipi, kwa kumhurumia mnyama? Wala Rolande, aliyejifunza adabu ya watu wengine akiwa na miaka hiyo. Wahenga husema wema hauozi, nao hawakuwahi kufuga lièvre belge. Rigobert alikwenda kuichoma taulo, na jioni hakula.

Jumamosi daktari alikuja, akasikiliza, akachoma sindano zake kimya. Alisema dawa inahitaji siku kadhaa ishike, na aliyekwisha ambukizwa haimsaidii. "Tumwombe Mungu," akaongeza, na Kahambu, aliyehudumia wazee na madaktari wao maisha yake yote, alijua maana ya daktari kumtaja Mungu.

Usiku huo Rigobert alimpa ufunguo bila kuombwa. Haukuwa na kazi tena.

Masika alifariki Jumapili, wakati wa ibada, na Kahambu alikuwa kibandani akimshika. Alijinyoosha, akapiga mguu mara moja kwenye mbao, akakunja shingo nyuma. Kahambu alimfuta pua kwa khanga yake. Waliobaki walimfuata mmoja mmoja, wengine wamelala kama wamechoka tu, na ilipofika katikati ya juma milango ya vizimba ilikuwa wazi yote na hakuna wa kutoka. Rigobert alichimba shimo chini ya ukuta. Alilia zaidi ya mkewe, na hakuficha.

Kahambu alikaa jikoni mbele ya utepe na kadi za maonyesho zilizojaa ukutani. Kitu alichopewa mkononi siku ile uani, akakilinda maisha yake yote ya nchi hii, hakikuwepo tena popote duniani. Hata ile ahadi ya jike na dume ilikuwa haina wa kuitimiza. Aliichukua simu.

"Rolande," alisema. "Kwangu pia. Wote."

"Ne viens pas," akaongeza Kahambu. "Usijisumbue."

Kwenye simu, upande wa Rolande, zilisikika funguo zikiokotwa mezani, na mnyororo wa mlango ukifunguliwa. Kahambu aliinuka, akapangusa kiti cha pili, akabandika maji ya chai.